Herufi H ya Kahindo

Juma lililopita nilipita Butembo, karibu na parokia, nikasikia groupe, jenereta ya umeme, ikinguruma nyuma ya ukuta. Ndugu yangu, nilisimama palepale. Harufu ya mazout, yale mafuta yake, ilinirudisha miaka ya rebellion, vita vya waasi, nilipokuwa na miaka kumi na miwili, tukikaa wasichana sita mbele ya kompyuta moja, tukiogopa hata kuipumulia.

Mwalimu wetu alitoka Kasai. Vita vilimfungia njia ya kurudi. Alitufundisha kwamba neno ukilitia katikati ya guillemets, zile alama za kunukuu, mashine haiulizi maana yake. Inalishika herufi kwa herufi, vile lilivyo. Aliliita chaîne, yaani mnyororo wa herufi. Tuliunganisha majina yetu, tukayakata vipande, tukapiga makofi. Hata nafasi tupu ilihesabiwa kuwa herufi! Nyumbani, nikichambua maharagwe, nilihesabu herufi za kila kitu: bugali, sombe, hata makala ya jikoni.

Wakimbizi walikuwa wamejaa parokiani, na Mwalimu alikuwa amenakili orodha yao yote katika mashine. Siku moja mama mmoja aliingia kutoka upande wa Beni, miguu imejaa vumbi.

"Mwalimu, minatafuta mutoto yangu, Kahindo. Tulipotezana mu njia."

Mwalimu aliandika jina. Mashine ikajibu: 0.

"Haiko, mama."

Hakulia. Alikaa tu chini. Lakini mimi nilimjua karani aliyeandika ile orodha kwa mkono. Karani huyo alitoka mbali, hakuisikia H ya majina yetu, na jirani yetu Muhindo alimwandika Muindo.

"Mwalimu, pengine karani alimeza H. Tutafute 'indo' tu."

Aliniangalia, akaandika. Mistari ikashuka: Muindo. Muindo. Halafu: Kaindo, msichana, miaka minne, kovu kwenye paji la uso, amepelekwa Lubero kwa familia moja.

"Kovu!" Mama alisimama. "Ni yeye! Soma tena, mutoto yangu."

Nilisoma mara tatu. Siku chache baadaye alirudi, mtoto amelala mgongoni, shavu limepakaa viazi vya Lubero.

Njia ilipofunguka, Mwalimu alirudi kwao, na barua yake moja tu ilitufikia. Ile mashine sijui ilitupwa wapi. Kahindo sasa ni mama mzima, na huenda hajui kwamba siku moja maisha yake yote yalishikwa na herufi nne.