Walificha malengelenge ya ukoo ili niolewe, "mbuzi" akaongea

Wakuu, wa rika langu nawasalimu. Ninyi wadogo, marahaba, nimeipokea kabla hamjaitoa.

Haya yalinikuta mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi, na wakati ule hata chumvi yenyewe ilikuwa haipatikani.

Ilikuwa mara tu baada ya vita vya Kagera. Tulikuwa tumeshahamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Nyakahura. Zamani kila boma lilijificha ndani ya migomba yake, ukiugua unaugua kwa siri. Kijijini nyumba zikapangwa mistari. Ukipiga chafya, jirani anakupa pole kabla hujafuta pua.

Mama yangu alikuwa na malengelenge. Si ya kuungua. Yalianzia mdomoni, yakashuka kifuani na mgongoni, na yakipasuka ngozi inabaki mbichi. Bibi, mama yake, alikufa nayo. Basi kijiji kikatoa hukumu: ni ya ukoo. Wengine wakasema ukoma, wengine wakasema ni kukosa sabuni. Sabuni tulikosa kijiji kizima, mbona wao hawakuvimba?

Na mimi hapo nimeposwa!

Mchumba wangu Philbert alikuwa kijana wa Bugarama, kule Ngara, mgambo aliyerudi mzima kutoka vitani. Nilimpenda hadi nikawa naenda mtoni bila ndoo.

Sasa kwetu, kabla ya kuzungumza mahari, upande wa mume hupeleleza maradhi ya ukoo wa binti. Kifafa, ukoma, malengelenge. Likionekana lolote, wanaaga kwa adabu na hawarudi tena.

Mpelelezi mwenyewe alikuwa mama yake Philbert. Wakuu, yule mama alishavunja posa ya mwanawe mkubwa kwa sababu ya kikohozi cha mjomba wa binti. Mjomba!

Shangazi yangu akashika usukani. Mama akalazwa chumba cha nyuma, juu ya jani la mgomba lililobabuliwa motoni, maana mkeka ulikuwa unanata kwenye vidonda. Wageni wangeambiwa kwamba mama kaenda msibani Lusahunga.

Wakafika, mama yake Philbert na mshenga. Wakapewa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Maswali yakaanza, shangazi anayajibu kama karani wa kijiji. Mara mguno ukasikika chumbani.

"Ni mbuzi wetu," akasema shangazi. "Anaumwa tumbo."

Mguno wa pili. Mshenga, mtu wa watu, akampa pole mbuzi.

Hapo mbuzi akasema: "Wifi, nigeuzeni, naungua!"

Mama mkwe akasimama, akaenda moja kwa moja chumbani. Nilimfuata, najua Philbert ndiyo basi tena. Nilishaanza kulia.

Akamtazama mama. Akatazama jani. Kisha akapiga kelele:

"Oya, oya! Mnaraza mtu hivi? Uti wa jani hamkutoa! Na upande unaong'aa ndio unakaa kwenye ngozi! Reteni jani ringine!"

Akalipasua uti, akalibabua mwenyewe, akaliacha lipoe, akamgeuza mama taratibu bila kumgusa kidonda hata kimoja. Mama akashusha pumzi.

Shangazi yangu kaegemea mlango, macho yanacheka.

"Mama, mbona fundi hivyo? Umejifunzia wapi?"

Mshenga akazama kwenye kibuyu chake. Mwishowe yule mama akakaa chini, akacheka mpaka machozi, na machozi yakabaki baada ya kicheko kuisha.

Dada yake mkubwa alikufa na malengelenge yayo hayo. Aliyemuuguza ni yeye. Ukoo mzima uliapa kunyamaza, la sivyo mabinti zao wasingeolewa. Ndiyo maana alikuwa mwepesi wa kuchungulia ya wenzake!

Yeye ndiye aliyeshinikiza mama apelekwe hospitali ya misheni. Kule alipewa vidonge, akaishi miaka mingi. Jani ni la kupunguza maumivu, wakuu, si dawa. Msije mkakata migomba ya watu.

Nikaolewa.

Malengelenge yakalala miaka mingi, halafu yakamtokea binti yetu wa pili. Daktari wa ngozi alinieleza hivi: kinga ya mwili inaishambulia ngozi yake yenyewe. Ugonjwa wenyewe hauambukizi. Vinasaba vinaweza kukupa mwelekeo wa kuupata, lakini wengi wenye vinasaba hivyo hawaugui kamwe. Kwa hiyo kijiji kilikuwa na ukweli nusu, na nusu ile nyingine ndiyo iliyotutesa.

Binti yangu anatumia dawa na anafundisha shule. Siku moja, mdomo umejaa vidonda, aliniuliza: "Mama, mlijua ugonjwa uko pande zote mbili. Kwa nini mliendelea?"

Nikamwambia ukweli. Kama bibi yako mzaa baba angeaga kwa adabu siku ile, huu ugonjwa usingekufikia. Na wewe nisingekupata. Nikipewa nichague tena, nakuchagua wewe na malengelenge yako.

Alilia, nikalia, kisha akaniambia nipunguze maneno nimpikie uji.

Somo langu: ugonjwa wa ukoo usemwe mapema, mgonjwa apate daktari, na wanaopendana waamue wakiwa wanajua. Haya, semeni na ninyi, kwenu mnaficha nini? Wanaojifanya ukoo wao hauna kitu, nawasubiri kwa hamu zaidi.