Manti ya Arobaini ya Naqi

Sughra, fundi wa kusaga lenzi za miwani, alikuwa na asubuhi moja tu ya kutafuta chakula cha arobaini ya mumewe. Kwao, tangu Tanga hadi Toronto, khitma haikamiliki mpaka watu wale alichokipenda marehemu. Naqi alipenda manti ya Kituruki, vile vifuko vidogo vya unga vyenye nyama, vinavyomwagiwa mtindi. Alikula manti hizo kila Alhamisi karibu na soko kongwe la St. Lawrence, hapo Toronto, katika mkahawa ambao Sughra, mtu wa kupima kila kitu, hakuwahi kuuliza jina lake.

Kipimo alichobaki nacho kilikuwa harufu ya nanaa kavu iliyokaangwa kwa siagi, iliyokuwa ikirudi nyumbani ndani ya koti la mumewe.

Mkahawa wa kwanza ulinukia mkaa na kebabu. Wa pili, ulioelekeana na soko, ulikuwa na mikate mirefu ya jibini, mizuri sana, lakini manti hawakupika. Wa tatu ulikuwa uchochoroni, chini ya ngazi saba, na harufu ilimpokea kabla hajashika kitasa.

Ndani hapakuwa na mteja. Kwenye meza ya pembeni bilauri ya chai ilikuwa ikifuka mvuke, na kiti kimevutwa nyuma, kana kwamba mtu amenyanyuka kwenda kunawa mikono.

"Mke wa Naqi! Nimekujua kwa picha zake," alisema mzee mwenye mkahawa, akijifuta unga. "Kila Alhamisi anakuacha nyumbani. Leo umekuja kumfumania?"

Sughra hakucheka. "Naqi alifariki, mzee wangu. Leo ametimiza siku arobaini."

Mzee alimtazama kama aliyesikia mzaha usiomfaa mwanamke mwenye heshima zake. "Dada, Alhamisi iliyopita alikaa pale. Hakula. Aliagiza tu."

"Aliagiza nini?"

Mzee aliingia jikoni, akatoka na sinia pana iliyofunikwa, bado ya moto. "Manti ya khitma. Alisema utakuja mwenyewe, ila utachelewa, kwa sababu utaanzia kule kwenye mkaa. Akasisitiza ndimu ziwe nyingi. Eti watu wenu bila ndimu hawashibi."

Sughra angeweza kuiacha ile sinia. Lakini jioni watu wangeketi kumsomea Naqi, na mbele yao pasingekuwa na kitu chake. Akaipokea.

Ilikuwa nzito kupita alivyotarajia. Alipoanza kupanda ngazi, uzito ukapungua, kana kwamba mtu ameshika upande wa pili. Hakugeuza shingo. Alitembea polepole, kwa hatua fupi, kama walivyozoea kutembea wao wawili, akipita katikati ya wachuuzi wa maua hadi kwenye gari.

Hapo alisoma Fatiha yote, kwa sauti ya chini. Alipoitikia amina, uzito wote wa sinia ukarudi mikononi mwake.