Aliyeita Wagonjwa kwa Jina na Kilima

Nilikuwa navuna maharage Ngungu, ukungu bado umelalia mashamba, jirani yangu aliposimama kwenye mpaka akasema, "Mama, ule munganga wako amekufa jana." Nilimaliza mstari wangu kwanza, maana mvua ilikuwa inakuja. Halafu nikaosha miguu, nikashika njia ya Mweso. Ninyi mnaonisoma hapa mnajua sina tabia ya kusifu wafu. Huyu naye sikumpenda mwanzoni. Alikuwa muuguzi wa kituo kidogo cha afya cha Mweso, kando ya barabara ya Kitshanga, mwanamke mwembamba, mkali, hacheki. Jina lake sitaliandika hapa. Nimeshalisema mahali lilipotakiwa.

Nilimjua nilipolazwa pale na malaria iliyonipanda kichwani. Kila asubuhi, kabla ya kumgusa mgonjwa, alisimama miguuni pa kitanda akaita jina la mgonjwa, la baba yake, na la kilima au kijiji alikozaliwa. Ulipaswa kujibu, "Niko." Usipojibu, hakuna sindano. Siku ya tatu nilimchoka.

"Juzi umeniuliza, jana umeniuliza. Weye uko na kichwa ya kuku?"

"Jibu, Mama."

"Niko! Nitaenda wapi na hii mupira ya serumu mukononi?"

"Wengi banaendaga nayo," akasema, akapita kitanda cha pili.

Chumba kilikuwa kimoja tu, na kwenye kitanda hicho cha dirishani alilala mzee wa Walikale, mwindaji, aliyekohoa kama mtu anayepasua kuni. Asubuhi moja akafa, muuguzi wetu hajafika kazini. Wakamtoa, wakatandika shuka safi, na mwenzake aliyemaliza zamu akasahau kumwambia. Basi akaingia, jua limeshatoka, macho kwenye daftari, akaita jina la mzee, la baba yake, na kijiji. Na pale kwenye shuka iliyonyooshwa, kikohozi kilekile kikatangulia, kisha sauti ya mzee ikajibu: "Niko."

Sikusikia peke yangu. Mama aliyekuwa ananyonyesha alimfunika mtoto uso. Muuguzi aliinua macho, akakiona kitanda, akafunga daftari. "Vizuri, Papa," akasema. "Njoo tuende." Akafungua mlango, akasubiri kidogo, kama unavyomsubiri mtu anayetembelea fimbo, kisha akatoka taratibu kuelekea barabara ya Walikale. Dirishani tulimwona anaongea njia nzima. Upande wake wa kulia, nyasi zenye umande zilikuwa zinalala chini, hatua kwa hatua. Aliporudi alinawa mikono, akaliita jina langu. Safari hii nilijibu mbio.

Mimi ni mtu wa kanisa, nikamuuliza bila kuzunguka anafanya kazi gani hii. Akakaa pembeni ya kitanda changu.

"Miye nilikuwa mutoto tulipokimbia vita," akasema. "Mama yangu aliugua mu njia, bakamubeba kwenda kumutunza, miye nikabaki na majirani. Nilipofika kumutafuta, bakasema kuko mwanamuke alikufa, bakamuzika, hakuna aliyemuuliza jina. Njo maana nilisoma uuguzi. Anayekufa ku mikono yangu, niko najua anatoka wapi na anarudi wapi."

"Na mama yako?"

"Ninamuitaga kila siku. Hajajibu."

Kisha akanitajia jina lake, la baba yake, na kilima chao. "Ushike hayo, Mama. Miye sina wa kuniita."

Nilifika Mweso kaburi limeshachimbwa. Kwenye msalaba walikuwa wameandika Mama Munganga, basi. Watu wote wale aliowaita kila asubuhi, hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza naye anaitwa nani. Mchungaji akanibembeleza: "Mama, tuache vile. Hili njo jina batu banamujua."

"Mungu hakumuumba na sindano mukononi," nikamwambia. "Ngojeni."

Nikasimama miguuni pake. Nikaita jina lake, lilikuja. La baba likaja. Kilima kikanipotea. Uzee huu! Watu wananitazama, matone yameanza, wenye majembe wanahamahama, na mimi naona kabisa binti anaenda kuzikwa kama mama yake. Ndipo nyuma yangu mwanamke mmoja akakitaja, kwa upole, kama mtu anayetaja kwao. Nikakirudia kwa nguvu, kila mtu akasikia. Nikageuka kumshukuru. Hapakuwa na mtu, ila nyasi, na nyasi zilikuwa zinalala chini, hatua za watu wawili sambamba, kuelekea njiani.

Tangu siku hiyo wasichana wa kanisa letu wakija kuniomba ushauri, kwamba wanataka uuguzi, simsikilizi anayeniambia habari ya koti jeupe, wala anayesema anapenda wagonjwa. Namuuliza: mgonjwa wa mwisho uliyemwona, anaitwa nani, na kwao ni wapi? Akikosa jibu, namrudisha akaulize kwanza.