Mkono wa Kushoto kwenye Kitabu cha Adabu

Mwaka 1957, ukimtafuta Boaz fundi viatu pale Makongeni, Thika, ulifuata mlio wa nyundo. Alikuwa ametoka Kimilili na vitu viwili: kisu cha kukatia soli na ugonjwa wa kuchora. Alichora kwenye magazeti ya kufungia viatu, akachora hata kwenye soli zenyewe. Mkewe Nekoye alidai kuna wateja waliotembea mjini wakikanyaga nyuso za wakwe zao.

Mwalimu Wainaina wa Ruiru, mteja wake wa siku nyingi, ndiye aliyepeleka michoro hiyo kwa kampuni moja ya vitabu Nairobi. Wakampa Boaz kazi: achonge picha ya jalada la kitabu cha adabu, kijana akimwamkia mzee. Walimtumia kipande kimoja cha lino, lile zulia gumu la sakafuni, ambacho kingepakwa wino na kupigwa chapa. Picha ikipendeza, atapewa majalada mengine. Wiki nzima viatu vya watu vilingoja.

Jumamosi asubuhi Mwalimu Wainaina alileta karatasi ya majaribio iliyopigwa chapa, wakubwa wa kampuni wakiwa bado hawajaiona, pamoja na lile lino. Nekoye akamwita jirani yao Wakonyo aje kushangilia. Wakonyo alitazama, akainamisha kichwa upande.

"Baba Simiyu, huyu kijana wako amelelewa na nani?" akamuuliza Boaz.

"Kwani ana nini?"

"Anampa mzee mkono wa kushoto!"

Boaz akainyakua karatasi. Kweli. Yeye alichonga wa kulia, lakini chapa hugeuza picha kama kioo, na hilo hakuna aliyemwambia.

"Na ukurasa wa kwanza," Mwalimu akasema kwa upole, "unaonya kwamba mkono wa kushoto ni dharau."

Nekoye alicheka hadi akakaa chini. "Kitabu cha adabu kinatukana wazee kabla hakijafunguliwa!"

"Mashine inaanza Jumatatu," Mwalimu akaendelea. "Wakiliona hili, hawatakuandikia tena."

Lino lingine halikuwapo. Macho ya Boaz yakashuka polepole sakafuni, ya Nekoye yakayafuata. Nyumba yao ndiyo pekee katika safu ile iliyotandikwa lino, maua mekundu ukuta hadi ukuta, na wageni walivua viatu mlangoni.

"Usithubutu."

"Kidogo tu, mama Simiyu. Kama kitabu."

Nekoye akaitazama ile karatasi tena. Safari hii hakucheka. "Kata kule chini ya kabati. Na ukikosea tena, utachonga ngozi yako."

Wakaegemeza kioo ukutani. Mwalimu akawa kijana, Wakonyo akawa mzee, wakapeana mikono ya kulia, na Boaz akachonga kile tu alichokiona kiooni.

"Mzee, acha kuchekacheka!"

"Mzee amechoka kusimama! Mzee ana maharagwe motoni!"

Jumapili jioni Mwalimu aliondoka na kazi mpya kwapani. Wiki tatu baadaye kitabu kikafika, mkono wa kulia umenyooka juu ya jalada, na ndani yake barua: wamependa, na sasa wanataka jalada la kitabu cha ufugaji wa kuku.

Boaz akakuna kichwa. "Sijui kama nitaweza."

"Waandikie leo hii kwamba umekubali," Nekoye akasema. "Kuku hana mkono wa kushoto."