Nyayo Zisikanyagwe

Nikiwa kijana wa rika lako, mwanangu, kabla mgodi haujawa mkubwa hivi hapa Kewanja, kuna asubuhi ambayo siisahau. Tulikuta zizi la jirani yetu, mzee Nyamhanga, liko wazi na ng'ombe wake wote hawapo. Yowe likapigwa, wanaume wakatoka kufuata nyayo. Wewe hujawahi kufuata nyayo za ng'ombe, unafuata watu mtandaoni tu, basi nikueleze. Nyayo zikiingia kijiji cha jirani, mnasimama mpakani mnawaambia wenyeji, "Ng'ombe wameingia kwenu." Kuanzia hapo kazi ni yao. Watazifuata mpaka waoneshe zilipotoka kijijini mwao, kisha wawakabidhi wa kijiji kinachofuata. Hakuna aliyeruhusiwa kusema hayo hayamhusu.

Siku hiyo nyayo ziliingia mtoni, na wazee wakawa wanatafuta zilipotokea. Sisi vijana tulikuwa na ng'ombe wetu wenye kiu. Tukawapeleka kunywa maji palepale. Mzee Nyamhanga alipoona kwato mpya zimetapakaa kwenye tope lote, alikaa chini. Hakupaza sauti. Alisema, "Mwizi hakujua afiche vipi nyayo zake. Ninyi mmemfichia." Ng'ombe wale hawakupatikana, na mzee yule alizeeka akiomba maziwa kwa watu.

Nilidhani mambo hayo yalipita na ujana wangu, kumbe yalikuwa yananisubiri nyumbani kwangu.

Mjukuu wangu Robi, binti wa mwanangu Chacha, anasoma sekondari. Mama yake alimpa simu yake ajisomee. Humo akapata rafiki aliyejiita msichana mwenzake wa Sirari, kule mpakani na Kenya. Wakazoeana, kisha rafiki huyo akamwomba picha ambazo mtoto hapaswi kuombwa na mtu yeyote. Alipozipata akajionesha alivyo, mwanaume mzima, akaanza kutisha: lete nyingine, la sivyo ukoo wako wote utaziona hizi. Robi akaacha kula. Mwishowe alimwambia mama yake, na mama akamwambia Chacha.

Chacha si mtu mbaya, nimemlea mwenyewe. Lakini alichokiwaza kwanza ni jina la ukoo. Aliiponda simu kwa jiwe, akatupa vipande chooni, akamchapa mtoto, akatangaza kwamba jambo limekwisha. Nilipofika nilimkuta Robi amejikunja nyuma ya ghala, hataki hata kuniamkia. Nimezika watu wengi, mwanangu, ila siku ile nililia mbele ya mkwe wangu, mama yake Robi.

Nikawachukua baba na binti mpaka kituo cha polisi cha Bomani, mjini, kwenye dawati la jinsia na watoto. Afande mmoja, mwanamke wa umri wa mabinti zangu, alinipa shikamoo kisha akamgeukia Robi.

"Wewe hukukosa, mdogo wangu," akamwambia. "Nisimulie taratibu."

Robi akasimulia. Afande alipomaliza kumsikiliza akasema, "Maneno hayohayo mtu mmoja ameyatumia kwa mtoto wa Kenya. Wenzetu wa huko wanamshikilia, lakini walichonacho hakitoshi. Tukipata kitu huku tunawapelekea, wakipata kule wanatuletea. Sasa wanahitaji mazungumzo yenyewe na jina alilotumia. Simu iko wapi?"

Nikaelewa. Ni desturi yetu ileile ya mpakani.

Chacha alitazama sakafu. "Niliiponda," akasema. "Nilitaka mtoto apumue."

Afande hakumkemea. Alisema atawaandikia wenye mtandao huko nje, ila majibu huchelewa, na mtu hawezi kushikiliwa muda wote huo. Maneno ya mzee Nyamhanga yalinijia mdomoni, nikayameza. Uso wa Chacha ulionesha ameshajiambia mwenyewe.

Mtu yule aliachiwa. Picha bado anazo. Robi anaenda shule na kurudi, lakini simu ya mtu ikilia njiani anashtuka, na wenzake wakicheka anadhani anachekwa yeye. Inaniuma kumwona hivyo, na dawa sina.

Kwa hiyo nisikilize, na kama umeshakuwa mzazi nisikilize zaidi. Mtoto akikuletea habari ya namna hii, usimpige, maana amekuamini. Usifute kitu, usivunje kitu, usimjibu mtu huyo, wala usimwoneshe ndugu picha hizo. Ipeleke simu polisi siku hiyohiyo, ikiwa kama ilivyo. Usiniambie jamaa yuko Kenya, atapatikana wapi. Tuna mashangazi huko, na mpaka haujawahi kutuzuia kwenda harusini. Tena usije kwetu wazee tukuitishie kikao ili limalizwe kimyakimya. Mimi ni mzee wa vikao, nakuambia kikao hakiliwezi hili. Na wewe mtoto unayetishiwa, sema. Mwenye aibu ni yeye.

Juzi afande alipiga simu. Kuna mtoto mwingine upande wa Kenya ametishwa na mtu yuleyule, na mama yake ameipeleka simu nzima, hajagusa kitu. Afande akauliza kama Robi anaweza kusimulia tena, ili maneno yake yaungane na ya mwenzake. Robi akasema ataenda. Aliomba baba yake ndiye ampeleke.

Mungu ambariki mama yule nisiyemjua, aliyeuvumilia uchungu wake bila kuponda kitu. Akutunze na wewe, mwanangu, watoto wako wakue bila kuogopa mlio wa simu. Na siku nyayo zitakapofika mlangoni kwako, akupe moyo wa kutozikanyaga.