Mume wa Kliniki

Jamani, aibu nimezipata nyingi. Niliwahi kuanguka na mkungu wa ndizi mbele ya ukoo mzima wa wakwe zangu, na niliwahi kuliamkia sanamu la dukani Lindi mjini, tena kwa adabu zote, shikamoo mama (jua lilikuwa kali, msinicheke). Hizo zote nikizisimulia zinapungua. Hii ya leo haipungui. Lakini naisimulia hivyo hivyo, maana mtaani kwetu wanaisimulia bila mimi na wanazidisha chumvi, basi afadhali muisikie kwa mwenyewe aliyeivaa.

Naitwa Mfaume, nalima ufuta na nina mikorosho michache niliyorithi kwa baba. Kijiji chetu sikitaji, ila ukiondoka Kitomanga hata jasho halijakutoka umefika. Mke wangu anaitwa Somoe. Na nina binamu yangu Chande, mtoto wa mjomba, ambaye hajaoa mpaka leo, na hapa lazima nieleze kitu kimoja la sivyo hamtanielewa. Kwetu mtoto wa mjomba ni mtani wako. Anaingia kwako bila hodi, anafunua sufuria, anakula, anasema chakula kibaya, na mkeo anamwita "mke wangu" mbele yako na mbele ya mama yako na wote mnacheka. Tangu siku ya harusi Chande anamwita Somoe hivyo. Anapita na pikipiki yake, "Mke wangu, umepika nini?" Na Somoe anamjibu, "Nimepika mawe, mume wangu, karibu ule." Utani tu, na hakuna mtu aliyewahi kununa.

Basi Somoe akapata ujauzito wetu wa kwanza, nikafurahi mpaka nikawa naimba shambani, halafu akaniambia hudhurio la kwanza la kliniki wanataka mke na mume waje pamoja, wapewe ushauri na wapimwe wote wawili virusi vya UKIMWI, kile kipimo cha haraka, unatobolewa kidole na majibu unapewa hapohapo. Aliyekuja na mumewe anatangulizwa, na aliyekuja peke yake, kwa mujibu wa wanawake wa kisimani, anaulizwa mumewe yuko wapi mbele ya benchi zima.

Neno lililoniua ni hilo "hapohapo". Ingekuwa rudi wiki ijayo, mtu ana wiki nzima ya kupata safari, ya kuugua, ya kufiwa na shangazi. Hapohapo haina mlango wa nyuma. Na mimi nilikuwa na jambo langu (nalisema, maana nimeshavuka aibu). Mwaka uliotangulia nilikaa Songo Songo miezi mitano kwenye kibarua cha ujenzi, na huko kulikuwa na mama mmoja muuza chapati, na mimi kwake sikuwa nanunua chapati tu.

Somoe aliniuliza, "Unaogopa nini?"

"Sindano."

"Mwiba wa juzi si uliutoa mwenyewe kwa kisu?"

Nikajifanya kuna mbuzi ameingia kwenye mihogo nikatoka nje. Mbuzi mwenyewe hakuwepo.

Jioni ile nikamfuata Chande. Nikamwambia, wewe si kila siku unamwita mke wako, basi kesho kaa naye kwenye benchi, mimi nina shughuli. Akacheka. Halafu akaacha kucheka.

"Binamu, huu si utani tena."

"Ni utani, ila mrefu kidogo," nikamjibu, na nakumbuka nilijiona mjanja wa wajanja kwa jibu lile.

Somoe nilimwambia nimepata dharura, Chande atakusindikiza. Alijifunga kanga vizuri, akasema, "Sawa." Sikuipenda sawa ile, lakini nilikuwa nimeshapata nilichokitaka. Tena nikawaambia wasiende zahanati yetu, ambako hata paka anamjua Chande, waende ile ya kijiji cha tatu, yenye nesi mgeni aliyetoka bara.

Yaliyotokea huko nilihadithiwa na Chande. Nesi alimwuliza, "Baba, huyu dada ni nani wako?" Na Chande, kwa mazoea ya miaka mitatu ya kufunua masufuria yangu, ulimi ukamtangulia: "Huyu mke wangu." Jina la baba? "Chande." (Nilimgombeza, kwa nini hukutaja jina langu? Akaniambia, mtu akiulizwa jina anajibu jina lake, kwani mimi nimesomea uongo?) Nesi akaandika kwenye kadi ya Somoe kwa kalamu ya bluu, mwenza, Chande. Wakatobolewa vidole, wakakaa wakingoja, wakaitwa pamoja, na majibu ya wote wawili yakawa mazuri.

Chande alirudi na kipamba kidoleni, akanionyesha. "Haya binamu, nimekupimia. Uko salama." Tukacheka sana siku ile. Na mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nililala fofofo kama vile damu iliyopimwa ni yangu. Nilijiambia Somoe hana, basi na mimi sina, mke na mume ni kitu kimoja. Kwa miezi yote iliyobaki mahudhurio yalikuwa ya Chande, maana ningejitokeza ningesemaje? Uongo ulikuwa umeshaota mizizi na mimi ndiye niliyekuwa naumwagilia. Nesi alimpenda Chande, alikuwa anawaambia wanawake, waleteni waume zenu, mwigeni huyu baba.

Sasa Alhamisi yenyewe. Mimi niko shambani nafunga ufuta, simu nimeiacha nyumbani kwenye chaji. Uchungu ukamshika Somoe asubuhi, na mwenye pikipiki ya karibu ni nani? Chande. Akambeba akampeleka palepale penye kadi yake. Mama mkwe, Bi Mwanahawa, ambaye alikuja kutoka Nyangamara kusubiri mjukuu, akabaki kuchemsha uji na kukusanya nguo, akatuma mtu kuniita. Nikaja mbio na majani ya ufuta kichwani. Ikapatikana pikipiki moja tu, kwa hiyo tukapanda mshikaki, dereva mbele, mimi katikati, mama mkwe nyuma, na katikati yangu na mama mkwe tukaweka chupa ya uji iwe mpaka, maana mkwe na mkwe hawagusani. Kila shimo la njia chupa ile ilikuwa inanikumbusha heshima mgongoni.

Alhamisi ni siku ya kliniki. Mabenchi yamejaa wanawake wenye matumbo na wenye watoto wa kupimwa uzito, na wote wakageuka kututazama. Nikaenda moja kwa moja kwenye mlango wa chumba cha kujifungulia. Nesi akatoka akaweka mkono mlangoni.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Kwa mke wangu, Somoe. Mimi mume wake."

Akanitazama kuanzia ufuta wa kichwani mpaka matope ya miguuni. "Mume wake namjua. Yumo humu humu ndani."

Benchi la kwanza likaguna. Nikasikia nyuma yangu mama mkwe akiiweka chini chupa ya uji, taratibu.

"Dada, mume ni mimi," nikasema, na sauti ikanitoka nyembamba kama ya mtu anayeomba kukopeshwa.

"Kadi ninayo hapa. Mwenza, Chande. Alikuja naye tangu siku ya kwanza, wakapimwa wote. Wewe unayesema ni mume," akasema bila ukali wowote, alikuwa anauliza tu, "wewe umepimwa wapi?"

Hapo ndipo mtu angesema chochote. Ningesema nilikuwa safarini, ningesema kadi imekosewa. Nilifungua mdomo na kilichotoka ni, "Huyo binamu yangu, nesi. Mtani wangu. Tunataniana." Mwanamke mmoja akacheka kwa nguvu, akafuata wa pili, halafu benchi zima, na kwenye kicheko kile kilio cha mtoto kikasikika kutoka ndani. Wote wakageukia mlango. Mtoto wangu alikuwa anazaliwa na mimi nimesimama mlangoni nabishana kuwa mimi ni nani.

Nikataka kuingia, nesi akanizuia, akaingia yeye. Mama mkwe akaja akasimama kando yangu. Hakunitazama. Akasema kwa sauti ndogo, "Mfaume, mwanangu ana waume wangapi?"

Tukiwa tumesimama hivyo ikasikika adhana. Ya chini, ya kumwadhinia mtoto mchanga sikioni, lakini dirisha lilikuwa wazi. Sauti ya mkwaruzo, yenye kuvuta maneno mwishoni, ningeitambua hata kuzimu. Chande. Mkunga alikuwa amemkabidhi mtoto akamwambia haya baba, mwadhinie binti yako, na yeye akaona akikataa atamwaibisha Somoe pale kitandani mbele ya watu. Neno la kwanza duniani ambalo binti yangu alisomewa sikioni, hakulisikia kwa baba yake. Nililia, jamani. Nililia mbele ya lile benchi lililokuwa linanicheka, na sasa hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka.

Chande akatoka, macho chini. "Binamu, nilitaka nikuite. Nilishindwa niseme nakuita wewe nani." Akapita akaenda kukaa mbali, penye pikipiki yake.

Nesi aliponiita ndani alikuwa ameshaambiwa yote na Somoe. Hakunitukana, na hilo liliniuma zaidi. Alinieleza polepole kama anamweleza mtoto. Majibu ya mke si majibu ya mume, inawezekana yeye hana virusi na wewe unavyo. Kama ninavyo, Somoe angeweza kuvipata baada ya kipimo chake cha mwisho, na mtoto yule angeweza kuvipata kwa mama yake, na ipo dawa ya kumkinga mtoto lakini inataka ianze mapema, kwa hiyo anawapima wote wawili sasa hivi. "Ndiyo maana tunawaita wawili, baba," akasema. "Hatuwaiti kwa ajili ya kupiga picha."

Nikatoa kidole. Miezi saba nimekimbia kitu kile, na kilikuwa kitone cha damu kidogo kuliko kile anachokunywa mbu. Nikakaa kwenye kiti kando ya kitanda, kipimo changu na cha Somoe viko juu ya meza, na mtoto amelala kwenye kanga, kidole kimoja kimetoka nje, kidole chenyewe kidogo kama mbegu. Nilimtazama nikamwaza yule mama wa chapati, nikawaza siku zote nilizolala fofofo kwa damu ya Chande. Nikamwambia Somoe habari ya Songo Songo. Yote. Alikuwa amegeukia ukutani. Hakugeuka.

"Nilijua tangu ile sindano," akasema.

Mstari ukatokea kwenye kipimo changu nikajua nimekwisha, nikainuka, nesi akanishika bega, kaa baba, huo mstari mmoja unaonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi, ingekuwa miwili ndiyo tungeongea mengine. Ukabaki mmoja. Na wa Somoe ukabaki mmoja. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti nikanyoosha mkono nimshike Somoe mkono wake, akaurudisha ndani ya shuka.

"Siku ile nilingoja majibu nikitetemeka," akasema. "Aliyenishika mkono alikuwa Chande. Nilikuwa nauliza moyoni, mume wangu anajua nini juu ya damu yake mpaka amemtuma mtu?"

Nafuu ya kipimo niliipata peke yangu, kama mtu aliyepewa sahani ya pilau kwenye nyumba ya msiba.

Binti yetu sasa ana miezi tisa. Kadi imesahihishwa, jina la Chande limepigwa mstari na langu limebanwa juu yake kwa herufi ndogo, na kila nikimpeleka mtoto kupimwa uzito (napeleka mimi, sikosi hata mwezi mmoja) nesi anayeifungua anatabasamu kidogo halafu anajizuia. Kijijini mimi naitwa mume wa nyumbani, na Chande ndiye mume wa kliniki. Mama mkwe ameshaanza kuitikia shikamoo yangu. Somoe anacheka tena, siku nyingine hata na mimi. Nimeapa, na si kwa utani, kwamba popote damu yangu inapotakiwa nitakwenda nayo mwenyewe, na vijana wanaonifuata kichinichini kuniuliza kama inauma ninawapeleka mpaka mlangoni na kukaa nao.

Ila kuna jambo moja sikulitegemea. Chande bado anapita na pikipiki yake, bado anasimama pale uani. Lakini hafunui sufuria tena. Anapiga hodi, anangoja aitikiwe, halafu anauliza kwa adabu, "Shemeji, hamjambo?" Na Somoe anamjibu, "Hatujambo, shemeji, karibu." Na mimi nikiwa ndani nausikia utani wetu ule wa miaka yote ukipita nje, umevaa viatu kama mgeni.