Kitufe Kisichoitikia Hodi

Juzi, dukani Ngamiani, nilikaa benchi moja na bibi aliyekuwa akipigiwa simu ya video na mjukuu wake aliyejifungua huko Pemba. Bibi aligonga kitufe cha kijani kwa ncha ya kidole, mara tatu, polepole, kisha akasubiri. Simu ikazidi kulia.

"Hakigongwi, bibi. Kinaburutwa," nikamwambia.

"Nimeshabisha hodi, mwanangu. Ngoja tuitikiwe."

Nikaona simu itakatika, nikanyoosha kidole nikaburuta mwenyewe. Mjukuu akatokea kichwa wazi, ananyonyesha. Kuiona sura yangu tu, akapiga ukelele. Bibi akaifunika simu kwa upindo wa kanga, akanigeukia.

"Umeona sasa kwa nini watu husubiri kuambiwa karibu?"

Mafundi wa programu mniwie radhi. Kidole changu kinajua kuburuta, lakini cha bibi kina adabu.